Barua ya wazi kwa wasimamizi wa minara ya maji: tupeni nafasi, na mtubane kwa maandishi

Waheshimiwa wakurugenzi, wahandisi na wajumbe wa bodi za maji,

Salaam. Nawaandikia nikiwa mwanaredio wa ridhaa, mmoja wa wale wanaotunza ripita. Ripita ni kituo kidogo kinachopokea sauti dhaifu kwenye masafa fulani na kuirusha upya papo hapo, ikiwa na nguvu zaidi, kwenye masafa mengine. Vituo vingi vya namna hii vimewekwa juu ya matangi ya maji, vingine kwa mkataba, vingine kwa kauli ya mdomo tu ya msimamizi aliyekwisha kustaafu. Ninachoomba ni hiki: muendelee kutupa nafasi juu ya minara yenu, na nafasi hiyo iwe na mkataba ulioandikwa, mkali, unaotubana sisi kwanza.

Kwa wasiotufahamu, niseme kwa kifupi. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaitaja huduma yetu kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, inayoendeshwa na watu walioidhinishwa kisheria, bila kutafuta faida ya fedha. Kila anayezungumza kupitia ripita ana leseni na alama yake ya wito, yaani herufi na namba anazojitambulisha nazo hewani. Ripita yenyewe hujitambulisha kwa alama yake, hujikata ikiachwa ikirusha kwa muda mrefu mno, na ina mtu anayewajibika kuizima ikileta matatizo. Haiuzi matangazo, haiuzi vifurushi.

Kwa nini tunawabishia hodi ninyi na si mwenye ghorofa? Mnara wenu umepewa urefu kwa sababu ya shinikizo. Kila mita 10 za kina cha maji hutoa karibu bar 1, ndiyo maana bomba linaendelea kutoa maji hata pampu zikizimika. Sisi tunaufuata urefu huohuo kwa sababu nyingine. Mawimbi tunayotumia, ya VHF na UHF (masafa ya juu na ya juu zaidi), husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na upeo wake kwa kilomita hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena katika mita, kisha kuzidisha kwa 4.12. Mtu aliyesimama chini na redio ya mkononi, antena ikiwa mita 1.5 kutoka ardhini, upeo wake ni kilomita 5 hivi. Wawili kama yeye, hata kwenye uwanda mtupu, hupotezana wakiachana kwa kilomita 10. Ipandishe antena mita 40, upeo wake unafika kilomita 26. Ongeza zile 5 za mtu wa chini, na kila aliye ndani ya kilomita 31 za mnara anaweza kusikika. Wawili walio pande mbili za mnara huzungumza wakiwa wameachana kwa kilomita 60, kila mmoja na redio ya wati 5 tu. Vilima na majengo hupunguza hesabu hii, lakini wati za ziada haziwezi kuchukua nafasi ya urefu.

Tena mnara wa maji mara nyingi uko katikati ya watu wanaouhitaji. Mlima mzuri unaweza kuwa mbali, bila barabara na bila umeme. Tangi lina uzio, lina lango, lina chumba chini yake, na lina watu wanaolikagua.

Kuhusu maafa sitasema mengi, maana nadhani mmeyasikia. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico mnamo Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu za mkononi vilinyamaza, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba wanaredio wa ridhaa 50 wa kujitolea. Redio za mawimbi mafupi, yanayofika mbali, ziliweza kupeleka habari za watu hadi nje ya kisiwa bila mnara wowote. Lakini kuiunganisha hospitali na kituo cha zimamoto, au kituo cha wakimbizi na ghala la chakula, ndani ya mji mmoja, ni kazi ya VHF na UHF, na kazi hiyo inategemea antena iliyo juu. Mwaka 2003 mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliingiza katika kanuni za ITU kifungu kinachozihimiza nchi kuwawezesha wanaredio wa ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa. Kujiandaa huko hakufanyiki siku mvua imekwisha kunyesha. Ripita hutumika kila wiki, kwa mazungumzo ya kawaida kabisa, ili siku ya shida pawe na watu wanaoijua na kifaa kinachojulikana kwamba kinafanya kazi.

Sasa niingie kwenye hofu zenu, kwa sababu ni za kweli, na baadhi ya wenzangu huzipita haraka mno.

Mwishoni mwa mwaka 1993, katika mji mdogo wa Gideon, Missouri, wakazi walianza kuugua kwa bakteria wa Salmonella. Mamia waliugua, na watu 7 waliokuwa kwenye nyumba ya wazee walifariki. Uchunguzi uliishia kwenye matangi ya maji ya mji: ndege walikuwa wameingia ndani. Kule hapakuwa na kosa la antena. Lakini mhandisi yeyote anayekijua kisa hicho, akituona tumebeba drili kuelekea juu ya tangi lake, ana haki ya kutusimamisha langoni. Uwazi mdogo kwenye paa la tangi unatosha kupitisha mdudu, kinyesi cha ndege na maji ya mvua yaliyosafisha uchafu wote wa juu.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mkataba liwe hili, bila kubembelezana: hakuna tundu jipya kwenye tangi. Hakuna bolti inayopenya bati la tangi, na hakuna kebo inayopita kwenye tundu la hewa au chini ya mfuniko wa kuingilia, hata kwa siku moja ya majaribio. Mfuniko ukiachwa wazi kidogo kwa sababu ya kebo, wavu na mpira wa kuziba havina maana tena. Antena ifungwe kwa klampu kwenye reli ya juu au kwenye mhimili uliokubaliwa na mhandisi wenu, klampu ziwe na kitu laini cha kutenganisha chuma na rangi, na metali za aina mbili zisiachwe zikigusana kwenye unyevu, maana moja italiwa na kutu kwa kasi.

Kuchomelea ni hatari zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani. Fundi anachomelea kipande kidogo nje, anapaka rangi, anashuka akiwa ameridhika. Upande wa pili wa bati, ndani, joto limeunguza utando wa kinga unaogusa maji ya kunywa. Kutu huanzia hapo, na hugunduliwa tangi linapokuja kukaguliwa miaka kadhaa baadaye. Anayetaka kuchomelea asubiri tangi limwagwe na utando ufanyiwe matengenezo, au asichomelee kabisa. Mimi binafsi ningechagua asichomelee, kwa sababu antena yetu haina uzito wa kudai hivyo. Antena ya fiberglasi ya mita 6 yenye kipenyo cha sentimita 5, ikipigwa na upepo wa mita 45 kwa sekunde, husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 hivi. Klampu nzuri kwenye reli nzima inaubeba mzigo huo. Hata hivyo msipokee hesabu hiyo kutoka kwangu: mhandisi wenu aikague, na asaini.

Jambo la pili ni ngazi. Nimepanda minara ambayo kebo zimefungwa kwenye vipago kwa vibana vya plastiki, mguu haupati pa kukanyaga, na kishikio cha mkanda wa usalama kinakwama kila mita chache. Aliyeifunga kebo ile alipanda siku moja akaondoka. Mfanyakazi wenu anapanda mwaka mzima, wakati mwingine usiku, wakati mwingine mvua ikinyesha. Kebo ipite njia yake, mbali na vipago na mbali na waya wa usalama, ishikwe kwa vishikio vya chuma kisichopata kutu, kwani plastiki hukatika kwa jua. Na anayepanda kwa niaba yetu awe amefunzwa kupanda, awe na hanesi, awe na mwenzake chini, na awe na bima inayotambuliwa na mamlaka yenu. Leseni ya redio haimfundishi mtu kupanda mita 40. Klabu isiyo na mpandaji aliyefunzwa imlipe mtaalamu, na kama haina fedha hizo bado haijawa tayari kuwa na ripita mahali hapo.

Watu huniuliza sana kuhusu mionzi, nami nalichukua swali hilo kwa uzito. Kwa masafa ya VHF tunayotumia, mwongozo wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, kwa watu wa kawaida ni wati 2 kwa kila mita ya mraba. Kituo cha wati 25 chenye antena inayokuza mara 4, hata tukipuuza nguvu inayopotelea kwenye vichujio na kebo, hufikia kiwango hicho umbali wa mita 2 hivi kutoka kwenye antena. Aliye chini ya mnara yuko mbali sana na hapo. Lakini fundi wa rangi au mkaguzi anayefanya kazi pembeni mwa antena hayuko mbali, na ana haki ya kuizima. Pawe na swichi moja chini, yenye maandishi makubwa na sehemu ya kufungia kufuli. Afisa wenu aizime bila kutupigia simu kwanza, aweke kufuli lake, apande. Atujulishe akishashuka. Sisi tutasubiri.

Kuna hofu nyingine ambayo wahandisi wa umeme huitaja kwa sauti ya chini: radi, na muingiliano na mitambo yenu. Katika vyumba vingi vya chini ya mnara kuna kifaa kinachosoma kina cha maji na kutuma taarifa kwa redio hadi chumba cha udhibiti. Kikifa, pampu inaweza kuendelea kusukuma hadi tangi lifurike, au tangi likauka bila mtu kujua. Kebo yetu inayotoka juu ni njia nzuri sana ya radi kuingia chumbani humo. Gamba lake la shaba sharti liunganishwe na chuma cha mnara juu na chini, kizuia radi kiwekwe pale kebo inapoingia ukutani, na waya wetu wa ardhi uungane na wa kwenu mahali pamoja. Waya wa ardhi wa pekee, uliochomekwa pembeni bila kuunganishwa na mwingine, huzua tofauti ya volti kati ya vifaa vyetu na vyenu radi inapopiga, na tofauti hiyo ndiyo inayounguza.

Kuhusu muingiliano, naomba mjue tofauti ya ripita iliyojengwa vizuri na iliyoungwaungwa. Kwenye mkanda wa mita 2, yaani fungu la masafa ya VHF ambalo mawimbi yake yana urefu wa mita 2 hivi, ripita husikiliza na kurusha kwa wakati mmoja, kwa antena moja, tofauti ya masafa ikiwa kHz 600 tu. Inasikiliza mawimbi ya sehemu ndogo ya mikrovolti huku kirushio cha wati 25 kikinguruma sentimita chache pembeni. Hilo linawezekana kwa vichujio vikubwa vya silinda vinavyoitwa dupleksa, ambavyo hutenganisha pande hizo mbili kwa desibeli 80 au zaidi, yaani mara milioni 100. Vichujio hivyohivyo ndivyo vinavyokisafisha kirushio kisimwage takataka kwenye masafa ya majirani. Ongeza aizoleta, kifaa kinachozuia nguvu za wapangaji wengine zisirudi ndani ya kirushio chetu zikachanganyika humo. Mkiletewa redio mbili za gari zilizounganishwa kwa waya, bila vichujio na bila aizoleta, zikataeni. Nasema hivi nikijua nitalaumiwa na baadhi ya wenzangu.

Vilevile mnara wenyewe unaweza kuwa chanzo. Chuma chenye kutu kikigusana na chuma kingine hufanya kazi kama diodi, kile kipande cha elektroniki kinachopitisha umeme upande mmoja tu: huchanganya mawimbi mawili na kuzaa mengine. MHz 150 na 152 zikichanganyika hivyo huzaa 148 na 154, ambazo hakuna aliyezirusha. Mpangaji mmoja anamlaumu mwingine, wote vifaa vyao ni vizima, na kosa liko kwenye mnyororo uliolegea au bolti iliyooza. Hapa tunaweza kuwafaa: watu wetu wana vipimo, wana uvumilivu wa kukaa juu Jumamosi nzima wakitafuta kiungo kimoja kibovu, na hawatawaletea ankara.

Haya yote ni ya kiufundi, na yana majibu ya kiufundi. Kinachoua ripita nyingi ni karatasi ambayo haikuandikwa. Msimamizi mwenye moyo mzuri anasema, “Wekeni tu.” Anastaafu. Anakuja mwingine, anakuta sanduku linalowaka taa ambalo halimo kwenye orodha yoyote. Kisha unafika wakati wa rangi, ambao kwa tangi la chuma huja kila baada ya miaka 15 hadi 20 hivi. Nimeshuhudia mkandarasi akifika, akaona kebo isiyo na jina, akaikata kwa msumeno na kuiangusha chini pamoja na antena. Hakuwa mtu mbaya. Hakupewa maelezo kwamba ile ni mali ya mtu, na aliyeitundika hakuambiwa kwamba rangi inakuja. Ripita ile ilikaa kimya msimu mzima wa mvua. Mamlaka ililaumiwa mjini, wakati yenyewe ndiyo iliyokuwa imetoa nafasi bure kwa miaka.

Mkataba ungeyazuia hayo kwa kurasa tatu. Useme nani mwenye kifaa na namba zipi zinapigwa saa nane za usiku. Useme kwamba rangi au matengenezo yakija, tunapewa taarifa ya angalau siku 90, tunaishusha antena wenyewe kwa gharama yetu, na tunairudisha kazi ikiisha, mahali palepale au pengine mtakapoona panafaa. Tusipoishusha kwa wakati, mna haki ya kuishusha ninyi na kutudai. Useme kwamba klabu ikivunjika, vifaa vinaondolewa na mnara unarudi ulivyokuwa. Kila kebo iwe na kibao cha chuma chenye jina, juu na chini. Ukaguzi wa pamoja uwe mara moja kwa mwaka: viungio vya kebo vinafunguliwa na kutazamwa kama vimeingiza maji, nguvu inayorudi kutoka kwenye antena inapimwa na kulinganishwa na ya mwaka jana, klampu zinakazwa, betri zinapimwa kwa mzigo, viota vya nyigu vinaondolewa, picha zinapigwa. Nakala moja ya taarifa ibaki kwenye faili lenu. Nguvu inayorudi ikianza kupanda kidogo kidogo, maji yameshaingia kwenye kiungio, na ni nafuu kupanda mwezi huo kuliko kubadilisha kebo nzima baadaye.

Kuhusu kodi nitasema wazi. Makampuni ya simu huwalipa, na ni haki mlipwe, kwa kuwa wao wanauza huduma. Sisi kisheria tumekatazwa kufanya biashara kwa masafa haya. Kutudai kodi ya kampuni ni sawa na kutuambia tushuke. Tulipisheni umeme tunaotumia, basi. Ripita ya wati 25 huvuta karibu wati 12 ikiwa kimya na karibu 100 ikiwa inarusha. Ikirusha moja ya tano ya muda, ambao ni mwingi, wastani wake ni wati 30, sawa na uniti 22 hivi kwa mwezi. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na Ah 100 huiendesha kwa zaidi ya saa 40 umeme ukikatika. Betri hizo tutanunua sisi, nazo ziwe sharti ndani ya mkataba, maana ripita inayozimika pamoja na taa za mtaa haina sababu ya kukaa juu ya mnara wenu.

Na mpangaji anayelipa akija kuitaka nafasi yetu? Tutahama, mradi tupewe muda na tuonyeshwe mahali pengine kwenye mnara uleule. Antena ikifungwa ubavuni, bakuli la chuma lililojaa maji huzuia mawimbi upande wa pili, na mtaa mzima unaweza kupotea hewani. Kwa hiyo kabla ya kutuhamisha, tupeni nafasi ya kupima. Mara nyingi nguzo fupi ya mita 2 kando ya reli hutosha kutuweka wote bila ugomvi.

Kwa mliokaribia kujenga tangi jipya, nawasihi sana mlifikirie hili likiwa bado kwenye mchoro. Vishikilio vichache vilivyochomelewa kiwandani kabla ya rangi, bomba la kupitishia kebo ndani ya nguzo, na soketi moja kwenye chumba cha chini ni gharama ndogo katika ujenzi wa tangi. Kuviongeza baadaye maana yake ni kumwaga maji, kuunguza utando na kupaka upya. Mkishaviweka, vitawafaa hata kama klabu yetu haitavitumia: polisi, zimamoto na redio zenu wenyewe zitavihitaji.

Tukiitwa kikaoni tutakuja na mchoro wa mnara wenu ukionyesha antena inakokaa na kebo inakopita, uzito na hesabu ya upepo, masafa na nguvu ya kituo, cheti cha bima, nakala ya leseni, jina la mpandaji na vyeti vyake, na rasimu ya mkataba yenye nafasi za kujaza masharti yenu. Mahali ambapo ripita tayari ipo bila karatasi, naomba msiizime kwanza. Mwiteni mwenye nayo, mpeni siku 60 alete hivyo vyote, na mkaguzi wenu apande naye juu. Akishindwa kuleta, mwambieni aishushe.

Wenu,
Mwanaredio wa ridhaa na mtunza ripita